Tajiri wangu haruhusiwi kumwaga samadi: je, sheria inamwonea?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mkenya kutoka Nyandarua. Nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Tunakamua ng'ombe 200 hivi. Tangu mwisho wa Septemba tajiri wangu ana hasira. Bwawa la samadi linajaa, shamba tulilovuna mahindi ya silaji ni kavu na trekta inapita bila shida, lakini anasema akimwaga sasa atashtakiwa. Itabidi asubiri mpaka Februari, wakati matope yanafika magotini. Majirani wanalalamika vivyo hivyo. Wanasema wanalimishwa na kalenda ya watu wa ofisini. Kwetu samadi ni mali, mzee wangu huinunua kwa lori. Inakuwaje mkulima akatazwe kurutubisha shamba lake mwenyewe? Na sisi nyumbani tunakosea tunapotandaza kabla ya mvua?"

Kaka, tajiri wako ana sababu ya kukasirika, lakini sheria anayoilaani siyo iliyomfikisha hapo. Kwa samadi ya maji, hiyo mnayoivuta kwa boza kutoka bwawani, katazo la majira ya mapukutiko (Septemba hadi Novemba) ni la haki, na ushahidi wake ulipatikana Uingereza kwenyewe zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kwa samadi ya zizi, ile ngumu iliyochanganyika na mabua ya ngano, wakulima wana hoja nzito na serikali iliwayumbisha vibaya. Watu wengi wanachanganya hizi mbili na ndiyo maana mabishano hayaishi. Shida ya tajiri wako ni bwawa dogo, na hilo nitalifikia.

Kwanza tuangalie kinachotokea udongoni, kwa sababu bila hilo kila tarehe kwenye sheria itaonekana kama uonevu.

Samadi ya maji ya ng'ombe, ikiwa na vitu vikavu asilimia 6, ina takriban kilo 2.6 za naitrojeni katika kila mita moja ya ujazo. Sehemu inayokaribia nusu ya naitrojeni hiyo tayari iko katika hali ya amonia, tofauti kabisa na samadi ya zizi ambayo naitrojeni yake nyingi imefungwa ndani ya mabua na vitu vinavyooza polepole. Amonia hushikwa na chembe za mfinyanzi, kwa hiyo kama ingebaki hivyo isingekwenda mbali. Lakini Septemba na Oktoba udongo wa Somerset bado una joto la kutosha, na bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti katika majuma machache. Naitreti haishikwi na udongo. Huyeyuka na kufuata maji popote yaendako.

Sasa, maji yenyewe yanakwenda wapi? Wakati wa kiangazi jua na mimea hunyonya mvua karibu yote. Kuanzia Oktoba jua limepungua nguvu, nyasi zinaelekea kusimama kukua, na mvua inazidi kile kinachorudi hewani. Udongo unashiba. Baada ya hapo kila milimita inayonyesha hushuka kuelekea maji ya chini ya ardhi au huingia kwenye mabomba ya kutolea maji yaliyofukiwa shambani, na mabomba hayo huishia kwenye mtaro, kisha mtoni. Naitreti iliyozalishwa Oktoba inakuta mlango umefunguliwa na hakuna mmea wa kuizuia.

Na shamba lenu la mahindi ndilo mahali pabaya kuliko pote. Mahindi yameondoka, hakuna mizizi hai, udongo umekaa wazi mpaka majira ya machipuko, yaani Machi na kuendelea. Ukimwaga pale mita za ujazo 30 kwa hekta umeweka kilo 78 za naitrojeni mbele ya mimea ambayo haipo.

Ule ukavu anaouona tajiri wako nao unadanganya, hasa kwenye mfinyanzi. Mfinyanzi ukikauka hupasuka, na nyufa hushuka hadi karibu na mabomba. Samadi nyembamba ikimwagwa juu hupita kwenye nyufa bila hata kuchujwa na udongo. Kama unataka kujionea mwenyewe, mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya jirani yeyote kumwaga, nenda mpaka kwenye mtaro ulio chini ya shamba lake utafute mdomo wa bomba. Maji safi ya shamba huwa hayana harufu. Ukiona yanatoka ya kahawia, yana povu linalokaa, na chini ya mdomo mawe yamevaa utando wa kijivu unaoteleza kama ute, umeshaona kwa nini sheria ipo. Utando huo ni vijidudu vinavyojilisha kwa uchafu, na mahali vinapostawi samaki hawapati hewa.

Ukali wa samadi hiyo majini watu wengi hawaujui. Wataalamu huupima kwa kiasi cha oksijeni kitakachoteketezwa wakati uchafu unaoza. Maji taka ghafi ya majumbani huteketeza miligramu 300 hadi 400 kwa lita. Samadi ya maji ya ng'ombe wa maziwa huteketeza 10,000 hadi 20,000. Kijito kidogo hakihitaji boza zima ili kife. Ujazo mdogo kupitia bomba moja unatosha kuua samaki kwa mwendo mrefu.

Upande wa maji ya kunywa kuna kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Sehemu za kusini na mashariki mwa Uingereza hutegemea maji yaliyo ndani ya mwamba wa chaki, na katika mwamba huo naitreti hushuka polepole sana, takriban mita moja kwa mwaka. Maana yake visima vingine leo vinatoa mbolea iliyomwagwa na babu wa mkulima wa sasa, na kampuni za maji zinalipa kuichuja au kuichanganya na maji mengine. Uamuzi wa Oktoba hii utalipiwa na watu ambao hawajazaliwa.

Nilisema ushahidi ni wa zamani. Huko Harpenden, kaskazini mwa London, kuna kituo cha utafiti cha Rothamsted, na ndani yake shamba liitwalo Broadbalk lililopandwa ngano kila mwaka tangu 1843. Waanzilishi wake, Lawes na Gilbert, walifukia mabomba chini ya vipande vya shamba hilo mwaka 1849. Maji ya mabomba yale yalipopimwa katika miaka ya 1860 na 1870 na mwanakemia Augustus Voelcker na wenzake, ilionekana kwamba naitrojeni inapotea hasa ikiwa katika hali ya naitreti, na kwamba mbolea ya amonia iliyotiwa wakati wa mapukutiko inapotea zaidi kuliko iliyotiwa wakati wa machipuko. Hawakuwa wanamazingira. Walikuwa watu wa mbolea, na Lawes mwenyewe alikuwa na kiwanda cha mbolea. Walichokuwa wakikitafuta ni pesa ya mkulima inapovujia.

Na pesa bado inavujia palepale. Mwongozo wa mbolea unaotumika Uingereza unakadiria kwamba kwenye udongo wa kichanga, samadi ya maji ya ng'ombe iliyomwagwa juu wakati wa mapukutiko inaipa mimea asilimia 5 tu ya naitrojeni yake, wakati ileile ikimwagwa machipuko inatoa asilimia 35 hivi. Kwa mita za ujazo 30 kwa hekta, ni kilo 4 dhidi ya kilo 27. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, amonia naitreti ilifika karibu pauni 1,000 kwa tani nchini Uingereza, yaani pauni 2.90 hivi kwa kilo ya naitrojeni. Kwa bei ile, mtu aliyemwaga mapukutiko alitupa zaidi ya pauni 60 kwa kila hekta. Kwenye udongo mzito pengo ni dogo zaidi, lakini lipo.

Mzee wako huko Nyandarua anajua samadi ni mali. Tajiri wako naye angekuwa anaihesabu kama mali, asingeimwaga Oktoba hata angeruhusiwa. Anataka kuimwaga kwa sababu bwawa limejaa, na hayo ni mahitaji ya bwawa, wala si ya shamba.

Sheria zenyewe ni zaidi ya moja, na zinafanya kazi kwa kupandana. Nazungumzia Uingereza yenyewe (England) tu, kwa sababu Wales, Scotland na Ireland Kaskazini wana za kwao. Ya kwanza inatokana na agizo la naitreti la Umoja wa Ulaya la mwaka 1991, lililobaki katika sheria za nchi hata baada ya Uingereza kujitoa. Zaidi kidogo ya nusu ya ardhi ya Uingereza imetengwa kama eneo lililo hatarini kwa naitreti. Humo ndani samadi yenye amonia nyingi, yaani ya maji na ya kuku, ina muda wa marufuku: kwenye udongo wa kichanga au mwembamba, mashamba ya kulimwa hufungwa tarehe 1 Agosti na malisho tarehe 1 Septemba, yote mpaka 31 Desemba; kwenye udongo mwingine, mashamba ya kulimwa hufungwa 1 Oktoba na malisho 15 Oktoba, yote mpaka 31 Januari. Kuna na kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya mifugo kwa hekta kwa mwaka kwa shamba zima. Ramani ya maeneo hayo iko kwenye tovuti ya serikali. Mwambie tajiri aangalie kila kipande chake, maana mpaka unaweza kukata shamba katikati.

Ya pili ilianza Aprili 2018 na inamhusu kila mkulima, awe ndani ya eneo hilo au nje. Haina tarehe. Inasema tu kwamba mbolea yoyote, ya dukani au ya zizini, ipangwe isizidi mahitaji ya udongo na mmea na isilete hatari ya uchafuzi. Ukiisoma unaona ni busara ya kawaida. Ugomvi mkubwa ulianzia hapa.

Ngano inayopandwa Oktoba haihitaji naitrojeni ya ziada mpaka machipuko. Mwongozo wa mbolea uko wazi juu ya hilo. Kanola, zao la mbegu za mafuta, inaweza kupewa kilo 30 hivi kwa hekta. Basi mwaka 2021 Wakala wa Mazingira, yaani chombo cha serikali kinachosimamia mito, ukaisoma sheria kwa ukali: kama mmea hauhitaji naitrojeni msimu huu, usimwage samadi msimu huu. Usomaji huo haukuishia kwenye samadi ya maji. Uligusa samadi ya zizi na hata tope la maji taka ambalo wakulima wa ngano hulipokea baada ya mavuno. Tangazo lilitoka Agosti, marundo yakiwa tayari yamepangwa kando ya mashamba na wenye mashine wameshaitwa. Machi 2022 wizara inayohusika na mazingira na kilimo ikatoa mwongozo mwingine wenye kulegeza, ukiueleza Wakala jinsi ya kuisimamia sheria ileile. Ndani ya miezi michache mkulima alikuwa ameambiwa hapana, kisha ndiyo ukichukua tahadhari. Mtu aliyepitia hayo akikwambia hawaamini watu wa ofisini, usimbishie.

Na kuhusu samadi ya zizi wana haki. Tani moja ya samadi ya zizi ya ng'ombe ina kilo 6 hivi za naitrojeni, lakini inayopatikana kwa mmea mwaka wa kwanza ni kama sehemu moja ya kumi, itiwe msimu wowote. Kilichobaki ni chakula cha udongo. Turudi Broadbalk: kipande kinachotiwa tani 35 za samadi ya zizi kwa hekta kila mwaka tangu 1843 sasa kina kaboni zaidi ya mara mbili ya kipande kisichotiwa kitu. Udongo wake unafinyangika vizuri mkononi na unalimika kwa urahisi. Ni kweli pia kwamba kipande hichohicho kinavujisha naitreti nyingi, kwa sababu tani 35 kila mwaka ni nyingi mno. Hakuna mshauri leo atakayekuruhusu kiwango hicho. Lakini kiasi cha wastani, mara moja katika miaka michache, kikifukiwa kabla ya kupanda, ni kazi njema kwa ardhi.

Tena wakulima wa mfinyanzi wa mashariki na kati ya nchi hawana wakati mwingine wa kuifanya. Machipuko ngano iko shambani tayari, na udongo ni mbichi. Ukipitisha trekta na trela lenye tani kumi na kitu juu ya mfinyanzi mbichi mwezi wa Februari unaukandamiza hadi chini ya kina cha jembe, na maji ya mvua badala ya kuzama yatatiririka juu yake yakibeba udongo na fosforasi. Umeukimbia uchafuzi mmoja ukauangukia mwingine. Kwa hiyo wakisema "kalenda haijui udongo wangu", kwa samadi ya zizi kwenye mfinyanzi mimi nasimama nao.

Kalenda ina kasoro nyingine hata kwa samadi ya maji. Tarehe 1 Februari inapofika, kila bwawa limejaa na kila boza liko barabarani siku hiyohiyo, hali ya udongo iweje. Sheria inajaribu kuzuia hilo: mpaka mwisho wa Februari usizidi mita za ujazo 30 kwa hekta kwa mara moja, ukae majuma matatu kabla ya kurudia, usimwage palipofurika, palipojaa maji, penye theluji wala palipoganda kwa zaidi ya saa 12 katika saa 24 zilizopita. Lakini mtu mwenye bwawa linalofurika hana subira ya kupima. Miezi 18 kuanzia Oktoba 2022 mpaka Machi 2024 ilikuwa ya mvua nyingi kuliko miezi 18 mingine yoyote katika kumbukumbu za Uingereza tangu 1836. Watu waliofuata sheria zote walijikuta mabwawa yamejaa na hakuna hata hekta moja inayofaa. Nawaonea huruma kwa dhati.

Ila sasa nifike kwenye bwawa.

Sheria ya hifadhi ya samadi nayo ni ya 1991. Kila hifadhi iliyojengwa au kupanuliwa tangu hapo inatakiwa iweze kubeba miezi minne. Ndani ya maeneo ya naitreti ni miezi mitano kwa ng'ombe, na sita kwa nguruwe na kuku. Kati ya 2016 na 2019 Wakala ulifanya ukaguzi wa mashamba ya maziwa katika bonde la mto Axe, ambao hauko mbali na mliko, mpakani mwa Somerset, Dorset na Devon. Karibu mashamba yote yaliyotembelewa hayakuwa na hifadhi inayotakiwa, na karibu nusu yalikuwa yanachafua maji siku ya ukaguzi. Miaka zaidi ya ishirini na tano baada ya sheria! Wakaguzi walikuwa hawaji, idadi ya ng'ombe iliongezeka, bwawa likabaki lile lililojengwa na baba wa mkulima. Kila mapukutiko, samadi iliyozidi ilimwagwa shambani na hakuna aliyeuliza. Katazo la mapukutiko limefichua deni lililokuwa likilimbikizwa.

Hebu tufanye hesabu ya kwenu. Ng'ombe anayetoa kati ya lita 6,000 na 9,000 za maziwa kwa mwaka huhesabiwa kutoa lita 53 za kinyesi na mkojo kwa siku. Ng'ombe 200 ni mita za ujazo 10.6 kwa siku. Wakikaa ndani miezi mitano, siku 150, ni mita 1,590. Hiyo ni samadi halisi. Sasa chukua uwanja wa saruji na mapaa yanayomwagia humo, tuseme jumla mita za mraba 2,000, na mvua ya miezi hiyo tuseme milimita 500. Ni mita za ujazo 1,000 za maji ya mvua. Zaidi ya theluthi moja ya kinachojaza bwawa ni maji ya mvua ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kuingia. Bado sijaweka maji ya kuoshea chumba cha kukamulia na mvua inayonyesha juu ya bwawa lenyewe.

Pima uwanja wenu kwa hatua siku mkiwa na nafasi, uangalie pia mifereji ya paa. Nimeona mashamba ambayo mfereji uliovunjika kwa miaka ulikuwa unaleta bwawani maji mengi kuliko kundi la ndama. Kurekebisha mifereji, kupeleka maji safi ya paa kwenye mtaro wake, na kuezeka sehemu ambayo ng'ombe hukusanyika kabla ya kukamuliwa ni kazi za gharama ndogo ukilinganisha na bwawa jipya, na zinaweza kununua majuma kadhaa ya nafasi.

Bwawa jipya au tangi la chuma ni suala jingine. Linaweza kugharimu mamia ya maelfu ya pauni, linahitaji kibali cha ujenzi kinachochukua miezi, na benki haiko tayari kukopesha kitu kisichotoa hata lita moja ya maziwa. Mwishoni mwa 2022 serikali ilifungua ruzuku ya hifadhi ya samadi, kati ya pauni 25,000 na 250,000, ikilipa mpaka nusu ya gharama kwa anayejenga hifadhi ya miezi sita. Waombaji walizidi fedha kwa mbali. Hapa ndipo ningependa hasira ya wakulima ielekezwe: nchi ilidai miezi ya hifadhi kwa miongo mitatu bila kukagua, halafu ikabana ghafla, na fedha ikaja baadaye tena kwa wachache. Madai ya "tupeni ruzuku na vibali vya haraka" yana nguvu. Madai ya "turuhusuni tumwage Oktoba" yanawapotezea hata marafiki walio nao mjini, kwa sababu mwananchi wa kawaida anachokiona ni mto. Mto Wye, mpakani na Wales, una kuku zaidi ya milioni 20 katika bonde lake, na Mei 2023 hali yake ilishushwa daraja rasmi. Baada ya jambo kama hilo, mkulima anayeomba kulegezewa anasikilizwa na wachache.

Kwa mwaka huu tajiri wako afanye nini? Kama bwawa litajaa kabla ya Februari, awapigie Wakala wa Mazingira mapema, kabla halijafurika. Watu wanaogopa simu hiyo, lakini anayepiga kabla hutendewa tofauti sana na anayekamatwa baada ya samaki kufa. Aulize majirani wenye nafasi. Kukodi hifadhi ya mtu aliyeacha ng'ombe ni jambo la kawaida. Kuna mashine ya kukamua samadi inayotenganisha maji na makapi. Makapi hurundikwa kama samadi ngumu na bwawa linapata nafuu kidogo. Maofisa wa ushauri wa mabonde ya mito, walio chini ya serikali, huja shambani bure na hawaji na faini. Mwakani, wamwage zaidi kuanzia machipuko hadi Agosti, kwenye nyasi zinazokua, kwa mabomba ya mpira yanayoburuzwa chini badala ya kurushwa hewani, ili Oktoba ifike bwawa likiwa chini kabisa. Na chini ya mahindi wapande nyasi mahindi yakiwa ya magotini. Yakivunwa, udongo unabaki na mizizi hai ya kudaka naitreti iliyosalia.

Kuna na jambo lako wewe. Ukiambiwa uendeshe boza usiku wa mvua kwenye shamba lililolowa, jua kwamba kuchafua mto ni kosa la jinai, na aliyeshika usukani anaweza kuhojiwa sawa na mwenye shamba. Una haki ya kukataa kwa adabu. Na bwawa au shimo la chini ya banda likikorogwa, hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzoni hunuka mayai viza. Ikizidi inaua pua kwanza, husikii harufu tena, kisha unaanguka. Ondoeni ng'ombe na watu, fungueni milango yote, mkae mbali angalau dakika 30 tangu mashine ianze. Mwenzako akianguka humo usimfuate. Wengi waliokufa walikuwa wa pili kuingia.

Nyumbani Nyandarua hali ni nyingine. Mzee anatandaza samadi ngumu, kiasi kidogo, kisha anapanda mara moja masika yakianza, na viazi au mahindi yanaota palepale na kuila. Kukatazwa hakuna maana hapo. Mpangilio wake ni sahihi. Anapopoteza ni kabla ya kutandaza. Rundo likikaa wazi miezi kadhaa, jua hupeleka amonia hewani na mvua huosha naitreti na potasiamu. Mkojo wa ng'ombe wa kufungiwa, ambao una naitrojeni nyingi kuliko kinyesi, huzama kwenye udongo wa banda ukapotea wote. Na maji yanayotoka pande hizo kupitia Malewa huishia Ziwa Naivasha, ambalo linajua gugu maji, mmea unaoshiba mbolea hiyo, ni nini. Ukipata fedha ya kutuma, mjengee mzee sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo kuelekea shimo dogo lililosakafiwa, halafu paa la mabati au hata turubai juu ya rundo. Mkojo wa shimoni auchanganye na maji na kuumwagia matete ya kulisha ng'ombe (napier) mara baada ya kuyakata, asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, na aufunike kwa udongo kidogo.